Tarsisi Ateremkia Lipingo

Waendesha baiskeli hodari kuliko wote, kuanzia Mbinga mpaka ufukwe wa Ziwa Nyasa, wanatoka Matiri, na anayebisha aje abishe mchana kweupe. Wako wawili. Mmoja amehamia Songea na kununua bodaboda. Wa pili ni Tarsisi, ambaye mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa bado na nywele kichwani.

Ila mwanamume akishapenda huanza kukumbuka hata asiyoyafanya.

Tarsisi alikuwa mkulima wa kahawa na mgane wa miaka mingi. Aliyempenda ni Valeria, mjane wa Lipingo, kule ziwani, aliyekuwa akipanda mlima mpaka soko la Mbinga na viroba vya usipa, wale dagaa wembamba wa ziwa letu. Sasa Tarsisi hali usipa. Anasema wanamkwaruza koo. Hata hivyo kila siku ya soko alikuwa wa kwanza kusimama mbele ya meza ya Valeria. Alinunua, akarudi Matiri na kuwamwagia kuku, mpaka mayai yakaanza kunuka ziwa.

“Kaka,” dada yake Bonifasia alimwambia, akilisukuma kando yai la kuchemsha, “muoe huyo mama au fuga bata. Kuku hawa wataanza kuogelea.”

Ndipo Tarsisi akajikaza. Siku ya soko alinyoa ndevu, akavaa koti la misa, akaenda kusema mbele ya wateja wote, kwa sababu wasipokuwepo watu ulimi wake hufa ganzi.

“Mama Valeria, nimechoka kuwa mteja. Nataka kuhamia upande huo wa meza.”

Valeria hakuacha kupima usipa wake kwa kopo. “Wanaume wa mlimani nawajua mimi. Kahawa ikiuzwa mnatushukia kwa magari, mmejipaka mafuta mpaka masikioni, mnatuahidi mabati. Kahawa ikiisha, hata salamu hatuzipati.”

“Mimi si mtu wa magari,” alisema Tarsisi. Angekomea hapo ingekuwa vizuri. “Enzi zangu nilikuwa nateremka Lipingo kwa baiskeli, napita msituni, gunia la mahindi liko nyuma.”

Ulikuwa uongo mtupu. Msitu wenyewe aliujua kwa kuutazama kutoka kwenye kahawa yake.

Kopo la Valeria lilisimama hewani. “Kwa baiskeli?”

“Kwa baiskeli.”

“Haya, njoo nayo. Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Njia hiyohiyo ya msituni, miguu yako mwenyewe, injini isikuguse. Ukifika, tunakwenda kwa paroko tutangazwe ndoa. Usipofika, meza hii uione kwa mbali, na usipa wa kuku ukanunue kwa wenzangu wa Ngumbo.”

Wateja walipiga vigelegele. Tarsisi naye alicheka, kisha akatoka mbio kutafuta baiskeli.

Baiskeli aliiazima kwa Ambokile, bwana shamba kijana aliyeletwa na kazi kutoka Rungwe. Ilikuwa baiskeli ya gia, ya kuendeshea milimani, yenye matairi manene yenye meno kama ya trekta.

“Shikamoo, mzee,” alisema Ambokile. “Gia hizi nyepesi ni za kupandia, hizi nzito ni za tambarare. Na breki ya mbele, mzee wangu, usiikamate peke yake kwenye mteremko.”

“Kwani inafanya nini?”

“Utatangulia wewe, yenyewe itafuata.”

Asubuhi ya safari Bonifasia alimfungia kaka yake viazi vya kuchemsha na maharage. Akamnyunyizia maji ya baraka, akainyunyizia na baiskeli, na alipoona jinsi kaka yake alivyoikalia, akamnyunyizia tena.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno, na hapo ndipo Tarsisi alipoharibikiwa. Njia ilizunguka kilima kwa madaha, kumbe chini yake tu kulikuwa na shamba la jirani yake Hildegardi, na mwisho wa shamba ndipo msitu ulipoanzia. Shamba lilikuwa la ngoro, kama mashamba yote ya Wamatengo: mashimo yamepangwa mlima mzima kama vyumba vya sega la nyuki, kila shimo limezungushiwa matuta, maharage yako juu ya matuta na maji ya mvua yanatulia shimoni. Mtoto wa Kimatengo hupita juu ya matuta yale tangu anaanza kusimama, mzigo uko kichwani na macho yako kwingine. Tarsisi akawaza: mguu wangu umepita hapa maisha yote, gurudumu litashindwaje? Akaiinamisha baiskeli akakata kushoto.

Shimo la kwanza lililipokea gurudumu la mbele. La pili likampokea Tarsisi. La tatu, lililojaa maji, likapokea viazi vya Bonifasia.

Hildegardi alikuwa anapalilia upande wa juu. Alijinyoosha, mkono kiunoni. “Tarsisi! Ndiyo majembe ya siku hizi hayo?”

“Nakata njia, dada!”

“Unakata maharage yangu! Hebu toka humo kabla hujaota.”

Alitoka, akakanyaga pedali, akaingia shimo lililofuata. Hivyo ndivyo alivyoteremka lile shamba, shimo kwa shimo, na Hildegardi akimsindikiza kwa maneno ambayo mama wa kwaya hakupaswa kuyajua. Alipoufikia msitu alikuwa mwekundu kwa tope kuanzia kisigino hadi upara.

Lakini ukweli usemwe, maana baadaye utapungua: kipande cha msitu alikiendesha. Mteremko ulimchukua. Miti ya miombo ilimpita huku na huku, majani mabichi yakimchapa mabega, mizizi ikimrusha kwenye kiti, na nyani waliokuwa wakipigiana kelele walinyamaza wamsikilize yeye anavyopiga kelele. Baada ya kona kadhaa kelele zake zikageuka kuwa kicheko. Mbele bonde lilifunguka, mto unameta chini, na mbali kabisa, kati ya vilima viwili, palionekana kipande cha ziwa cha rangi ya buluu, kidogo kama kiraka cha nguo. Tarsisi aliachia mkono mmoja akakipungia. Akaurudisha haraka.

Mto aliuvuka akitembea, baiskeli begani, maji magotini. Ng’ambo ya pili akatazama mbele, akakaa chini.

Kulikuwa na mlima.

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kuteremka ziwani kunahitaji kupanda. Wote husema “tunashuka ziwani,” basi, kana kwamba ni ngazi. Alijaribu gia nyepesi, akazungusha miguu kama anayesaga unga, na baiskeli ikabaki palepale ilipokuwa. Akabadilisha, mnyororo ukatoka. Akaurudisha, ukambana kidole. Akaisukuma baiskeli, kisha akaiburuta, kisha wakasimama wote wawili wakipumzika kila mmoja kwa mwenzake. Alipofika juu, njia ilipokutana na barabara ya magari karibu na daraja la mbao, alikuwa anaitukana baiskeli kwa yale maneno ya Hildegardi.

Na hapo darajani palikuwa na pikapu, boneti wazi, dereva ameketi kivulini anatafuna muwa.

“Shikamoo, mzee,” alisema dereva. “Naitwa Ignatio. Gari imechemka, nasubiri ipoe niendelee kushuka Lipingo.”

Tarsisi aliegemea gari kujizuia asianguke. Bati lilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza, lakini akili za Tarsisi zilikuwa zimebaki ng’ambo ya mto.

“Mwanangu,” alinong’ona, ingawa hapakuwa na wa kusikia zaidi ya nyani, “ukinibeba mpaka kona ya mwisho, halafu ukasahau kwamba ulinibeba, Mungu atakuzidishia.”

“Mimi mwepesi sana wa kusahau, mzee,” alisema Ignatio, akafunga boneti papo hapo.

Pikapu ile hupandisha usipa Mbinga na kurudi na viroba vitupu. Tarsisi alilala juu ya viroba hivyo, akajifunika turubai asionekane, baiskeli ikamlalia miguuni. Akalala usingizi mzito wa mtu mwenye dhambi ndogo. Kwenye kona ya mwisho, nyuma ya shamba la mihogo, Ignatio alimshusha, akasema atangulie, yeye ana tairi la kukagua. Tarsisi alichota maji ya mfereji akajimwagia usoni yawe jasho. Tope la Hildegardi alikuwa bado nalo, la kweli kabisa. Akapanda baiskeli, akaingia Lipingo anapiga kengele kama ya kanisa.

Kinamama walikuwa ufukweni wakianika usipa juu ya chanja. Valeria alikuwa katikati yao, amevaa kitenge kipya, kimeshonwa na kilemba chake, vazi ambalo hakuna mtu hulivaa kuanika samaki.

“Ala! Tarsisi?” alisema. “Kwani ni leo? Mimi nilishasahau kabisa.”

“Ahadi ni ahadi,” alisema Tarsisi, akihema zaidi ya alivyohitaji. “Msitu wote, mama. Mito yote. Hii miguu unayoiona.”

“Pole sana. Na hawa wenzako nao wametoka Matiri?”

Tarsisi aligeuka. Nyuma ya gurudumu alikaa paka mweupe, akimtazama kwa mapenzi. Nyuma ya mweupe alikuwa mweusi, na nyuma ya mweusi paka wengine wanakuja mbio kutoka kila ua. Paka wa Lipingo wanaheshimu chanja, kwa maana wameshachapwa sana. Tarsisi hakuwa chanja. Mmoja alisimama kwa miguu ya nyuma akaanza kumlamba goti.

“Wananipenda tu,” alisema Tarsisi. “Wanyama wananipenda tangu utotoni.”

Valeria alimzunguka polepole. Mgongo mzima wa shati lake ulikuwa umejaa magamba, unang’aa juani kama bati jipya. Akaingiza vidole kwenye kola yake, akatoa usipa mmoja mkavu, akamwinua juu kila mtu amwone.

“Kumbe kwenye msitu wenu usipa wanapanda miti?”

Ufukwe mzima ulicheka. Aurelia, jirani yake Valeria, alilazimika kushika chanja.

“Nilibeba wa kula njiani,” alisema Tarsisi.

“Wewe, unayewapa kuku? Bonifasia aliniambia siku nyingi.”

Hapo Tarsisi aliacha kuhema. Alitazama kitenge kipya, akatazama mikono ya Valeria yenye harufu aliyoivumilia kwa miezi yote ile, na akajua kwamba jambo pekee alilolitaka limemponyoka.

“Bonde la kwanza niliendesha,” alisema taratibu. “Haki ya Mungu, lile niliendesha. Na enzi zangu sikuwahi kuja. Nilisema tu ili uniangalie.”

Valeria alimrudisha yule usipa juu ya chanja, macho yako kwa Tarsisi. Wenzake nao walikuwa wanamwangalia yeye, wanasubiri, na yeye ni mwanamke aliyeweka sharti sokoni mbele ya watu.

“Tulisema injini isikuguse,” alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu ya mwanzo. “Imekugusa mgongo mzima. Geuza baiskeli.”

Tarsisi aligeuza baiskeli. Akaanza kuisukuma kurudi alikotoka, paka wakimfuata kwa mstari kama wafiwa, na hakuna aliyecheka tena.

Ndipo honi ikalia. Pikapu iliingia ufukweni, na Ignatio akatoa kichwa dirishani.

“Shangazi! Mbona anaondoka tena?”

Valeria alikohoa. “Ignatio, kapakie viroba.”

“Viroba vipi? Nimekaa pale darajani tangu asubuhi na boneti wazi, kila anayepita ananiuliza gari ina nini! Nimekuletea mtu mzima, hana hata jino lililotoka, na wewe unamrudisha mlimani?”

Tarsisi alisimama. Paka nao wakasimama.

“Kwani gari haikuchemka?” aliuliza.

“Ichemkie wapi, mzee? Shangazi ndiye aliyenituma. Alisema, ‘Mzee yule atanifia msituni, na mimi kitenge nimeshashona.’”

Aurelia aliachia chanja akakaa mchangani kabisa. Wengine walijiziba midomo kwa kanga. Tarsisi aliiegemeza baiskeli kwenye chanja, bila haraka hata kidogo, akarudi mpaka akasimama mbele ya Valeria, magamba yakimeta.

“Mama Valeria,” alisema, “si ulisema umesahau kama ni leo?”

Valeria aliinama akaanza kugeuza usipa waliokwisha kugeuzwa.

“Mimi nilimtuma chumvi,” alisema. “Nilimwambia akipita huko aniletee chumvi. Basi.”

Ignatio alitazama nyuma ya gari lake, akainua turubai, akachungulia chini yake, akalishusha.

“Chumvi gani, shangazi?”