Kisu cha Mkono wa Wazir

Kisu chenyewe kilianza kwa utani. Siku Mwatumu anaondoka Tanga kwenda Marekani, mumewe Wazir, mwenye bucha pale Ngamiani, alimwambia mbele ya wakwe, "Ukinitaka huko, nitafutie kwanza kisu kama cha stelingi wa sinema za kaboi. Kile kirefu, kirefu kweli, kilichopinda kwenye ncha. Nikisikia kipo, nakuja hata kwa miguu." Watu wakacheka. Mwatumu naye akacheka, ila neno lile alilibeba moyoni kama amana. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wahenga wamesema, lakini mke anayempenda mumewe namna ile utamwambia nini akusikie?

Miaka ikapita akifua mashuka ya hospitali huko Gaithersburg, hata mwaka 1997 karatasi za Wazir zikakubaliwa. Kilichobaki ni yeye kwenda kuhojiwa ubalozini Dar es Salaam. Mwatumu hakungoja. Jumamosi ile ile alimchukua Benadetha kwa gari, Mchaga anayefanya naye kazi, wakaifuata barabara ya 270 kwenda kaskazini mpaka kwa Harlan, mzee wa Kizungu anayefua visu kwa mkono katika banda nyuma ya nyumba yake.

Harlan alipoelezwa alitabasamu. Kisu hicho kinaitwa bowi, akasema, na anaweza kukifua. "Lakini mpini unafuata mkono. Ni mkono wa nani?"

"Wa mume wangu."

"Mkubwa kiasi gani?"

Mwatumu akainua viganja hewani ili amwonyeshe. Akavitanua, akavibana, akavitanua tena. Hakujua! Sauti ya Wazir aliijua, kwa simu ya kila Jumapili. Alijua hata kikohozi chake cha kabla ya kusema uongo. Lakini mkono uliomlisha tonge siku ya harusi ulikataa kumjia. Aibu ikamshika, na nyuma ya aibu, hofu.

"Si um-call tu, mwenzangu," Benadetha akasema. "Apime na rula, aku-tell. Mimi wangu nalala naye na bado namkosea saizi ya shati."

Wakakubaliana hivyo. Harlan angefua chuma, mpini ungesubiri.

Jumapili ya kwanza Wazir akasema rula imepotea. Ya pili, wateja walikuwa wengi. Nyingine, mkono umevimba, ng'ombe kampiga pembe. Mwatumu aliyameza yote, maana anayetaka kuamini hakosi sababu. Alimtamani mumewe, tusizungushe maneno. Alikuwa ameanza kulala ukingoni mwa kitanda ili azoee kumwachia nafasi, na akirudi kazini alipika wali wa nazi wa kutosha watu wawili, kisha akala kiporo chake siku ya pili peke yake.

Mwishowe Harlan akapiga simu. Chuma kiko tayari, kinakata vizuri, umebaki mpini tu. Jumapili hiyo Mwatumu hakuuliza habari za mkono.

"Wazir, ubalozini ulikwenda?"

Kule Tanga mtu akakohoa.

"Usiniongopee. Nimekusikia."

"Sikwenda," Wazir akasema. "Tiketi ya basi nilishakata. Niliamka alfajiri, nikavaa shati lile ulilonitumia, nikafika mlangoni, halafu nikaenda bucha."

"Kwa nini?"

"Mwatumu, hapa nikipita mtaani kila baraza linaniita. Huko nitaitwa na nani?"

"Nitakuita mimi."

Sauti ya Wazir ikalowa. "Ule ulikuwa utani, mke wangu. Sikujua kama utanitafutia kweli. Fundi akupime mkono wako wewe."

Mwatumu alikaa na simu mkononi hata kadi ya simu ikaisha. Hakulia siku ile. Alilia Jumatano, kazini, katikati ya mashuka, na Benadetha akamfungia mlango wa chumba cha kufulia akasimama nje kama askari.

Jumamosi akaenda kwa Harlan peke yake.

"Mkono nimekuja nao," akasema, akaunyoosha wa kwake.

Harlan akautazama, akamtazama na mwenyewe. "Na mume?"

"Haji."

Mzee akasema tu kwamba kwa mkono mdogo namna ile ingefaa ubapa wa kisu upunguzwe.

"Usipunguze," Mwatumu akasema. "Kisu ni kile kile."

Harlan akachukua donge la udongo laini, akalifinya mpaka likawa refu kama mpini, akamwekea kiganjani. Udongo ndio ungeshika alama, naye angechonga mti kwa kuufuata. "Kamata kama unavyokamata kisu," akamwambia.

Mwatumu akakamata. Vidole vilipozama ndipo mkono wa Wazir ulipomjia, mzima mzima, kana kwamba umeingia kwa mlango: mpana, mgumu chini ya vidole, kile cha shahada kimepinda kidogo pembeni, unafunika ngumi yake yote, na gumba linavuka hadi kwenye mshipa wa kifundo chake. Angeweza kumweleza Harlan sasa hivi, asikosee hata ukucha.

"Kaza," Harlan akasema.

Mwatumu akakaza.