Mara Mia kwa Mikono Miwili

Mimi ndiye mkaguzi wa silaha katika shindano la Julai la kulenga shabaha la mji wetu, hapa Wyoming. Mwaka jana nilimkataa Verlin Stroud, mfuga ng'ombe wa miaka sabini na minane, mbele ya watu wote. Silinda ya bastola aliyorithi kwa mama yake, ile sehemu inayozunguka na kubeba risasi, ilikuwa imelegea, ikisogea mbele na nyuma sehemu kumi na moja kati ya elfu moja za inchi. Kanuni inaruhusu tano, na haina kifungu cha mama. Verlin akaapa hatashindana kwa bastola nyingine.

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya shindano, aliipeleka bastola ile ya mama yake kwa Odessa Kittelson, fundi bunduki wetu. Nilikuwa dukani nikinunua mafuta.

Odessa alihakikisha haina risasi, akaisukuma silinda kwa kidole. Tik, tik.

"Mzee, inacheza kama jino la mtoto wa miaka sita."

"Imezeeka tu, kama mimi."

"Hebu ifungue, uifunge nione."

Verlin akaitoa silinda pembeni, kisha akatikisa kifundo cha mkono. Silinda ikajirusha ndani kwa kishindo. Akatabasamu. Odessa akafumba macho.

"Nani alikufundisha ujinga huo?"

"Sinema."

"Umeizaba makofi miaka mingapi?"

"Arobaini hivi."

"Na bado unasema imezeeka!"

Odessa aliunyoosha mkono wa chuma unaobeba silinda, uliokuwa umepindishwa kidogo na makofi hayo, akaweka ndani washa mbili, vipete vya chuma vyenye unene wa karatasi. Siku ya kuichukua nilirudi pale. Sikuwa na haja ya mafuta.

"Hutoki nayo," Odessa alimwambia, "mpaka uifunge mara mia kwa mikono miwili. Hesabu kwa sauti."

"Mimi ni mtu mzima, fundi!"

"Ndiyo maana ni mia. Mtoto ningempa ishirini."

Alifika sabini na nane, akaomba kahawa, akamaliza.

Siku ya shindano niliipima: tatu. Nikapima tena, kwa sababu sikiamini kipimo changu cha kwanza ninapokuwa na furaha. Tatu. Nikabandika karatasi ya kijani ya kuiruhusu.

Verlin alikuwa wa tisa kati ya kumi na wanne. Lakini alipomaliza duru ya mwisho na kumwaga maganda ya risasi, watu wakimshangilia, mkono wake ulianza kupinda kwa mazoea ili kuirusha silinda ndani.

"Verlin!" Odessa alipiga kelele kutoka kwenye viti, mdomo umejaa mahindi.

Mkono ukaganda hewani. Akaweka kiganja cha kushoto chini ya silinda, akaisukuma ndani polepole, kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

"Mia na moja," akasema.