Saba Isiyo na Unyayo

Watu wa klabu yetu ya magari ya kale wananiita Mchimba Kaburi, na mpaka mwezi Machi mwaka huu jina hilo lilinipendeza. Kazi yangu ni kusoma matangazo ya minada ya mtandaoni na kusema lipi ni gari kweli na lipi ni maiti iliyovalishwa suti. Wezi wa aina hii hawavunji milango. Wanatafuta kadi ya usajili ya gari aina ya Fulvia ya mashindano iliyokwisha kufa, iliyoungua au kusagwa zamani, wanachukua namba yake ya chasisi na kuigonga kwenye Fulvia ya kawaida iliyokuwa ikibebea viazi. Kisha wanapaka rangi, wanasubiri jua zuri la kupigia picha na kuandika: "Familia moja tangu likiwa jipya." Mjinga mmoja ananunua kwa bei mara kumi na kuwaalika majirani waje kuona.

Silaha yangu ilikuwa baba. Baba yangu, Secondo Bruera, ndiye aliyegonga namba hizo kiwandani kwa miaka kumi na minne, tarakimu moja moja, kwa nyundo na vyuma vya kugongea. Hutumia mkono wa kushoto, kwa hiyo namba zake zinalalia upande kidogo, na nne yake huzama kuliko wenzake. Gari likidai limetoka kwenye zamu yake na namba imesimama wima kama askari, nalizika. Nilipokuwa na shaka nilimpelekea picha Jumapili, baada ya chakula chetu cha agnolotti, naye alisogeza miwani na kusema, "Huo mkono wangu," au, "Huyo simjui." Miaka ishirini na miwili klabu nzima imeapa kwa neno lake, nami ndiye niliyelibeba.

Jumanne moja ya Machi alinipigia simu Evasio Ronco. Evasio ni mwokaji mikate mstaafu, ana miaka sabini na minne, nyumba yake iko upande wa pili wa kanisa hapa hapa kijijini Verolengo. Kaka yake, Nazario, alikuwa na Fulvia nyekundu ya mashindano, na ndani ya gari hilo alimfundisha Evasio kuendesha. Akaliuza mwaka 1979 alipoanza kuugua mapafu, akafa akiliulizia. Tangu hapo Evasio anatembea na kipande cha karatasi ya mfuko wa unga ndani ya pochi, namba ya gari imeandikwa na Nazario mwenyewe, inaishia 1407. Amelitafuta miaka arobaini na kitu. Sasa lilikuwa limetokea kwenye mnada, linauzwa na mtu wa Bergamo, na mnada ulikuwa unafungwa Ijumaa adhuhuri.

"Tensia, usinihurumie," alisema. "Niambie tu, ndilo au silo?"

Nilifungua picha. Namba inalalia. Nne imezama. Nilipaswa kungoja Jumapili, lakini mtu aliyesifiwa sana huacha kungoja.

"Ndilo lenyewe," nikamwambia. "Huo ni mkono wa baba."

Mzee yule alilia kwenye simu bila aibu, akamwita kaka yake kwa jina. Nami nilijiona mtu mwema, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Nikataka kumchapishia picha ya ile namba aitie kwenye fremu. Jumatano asubuhi niliikuza mpaka ikajaa kioo cha kompyuta, na hapo nikaona saba. Mguu wake ulikuwa umekatika chini. Haikuwa na unyayo.

Saba ile naijua kuliko ninavyoijua sahihi yangu. Mwaka 1976 kiwanda kilileta mashine ya kugonga namba. Baba wakampeleka stoo kuhesabu skrubu, na kama kumpoza wakampa vile vyuma vyake vya zamani, kumi ndani ya sanduku la mbao. Mwaka uliofuata, nikiwa na miaka tisa, niliviiba nikagonga mwaka kwenye kizingiti cha jiwe cha mlango wetu. Moja, tisa, saba. Saba ya pili nilipoigonga chuma kililia, kikamegeka. Baba alinizaba kofi moja ambalo sikio langu bado linalikumbuka. Kizingiti kipo mpaka leo: saba ya kwanza nzima, ya pili kilema.

Gari la Nazario lilitoka kiwandani mwaka 1970. Siku hiyo saba ilikuwa na unyayo wake.

Niliteremka chini anakoishi baba. Nilipofika mlangoni niliinama nikatia kidole kwenye kizingiti, kama mtu anayetumaini kwamba jiwe limebadilika. Halikuwa limebadilika. Baba alikuwa jikoni akichovya grisini, vile vijiti vya mkate mkavu, kwenye kahawa. Ana miaka tisini na moja na akili yake inakata kama wembe, kwa hiyo sikuwa na kisingizio cha kumpa. Niliiweka picha mbele yake nikamuuliza aliigonga lini.

Alisogeza miwani. Akasema mwaka themanini na tatu. Gari la Nazario liliungua lote ndani ya ghala moja karibu na Ivrea. Mtu alimjia na kadi yake na Fulvia ya kawaida iliyokwisha kukwanguliwa namba yake, safi, tayari. Baba aliigonga pale pale kwenye banda letu. Nilipomuuliza ni magari mangapi, alihesabu kwa grisini juu ya meza akafika kumi na moja. Manane kati ya hayo niliyapitisha mimi, kwa jina langu.

Nilimuuliza kama ilikuwa shida ya fedha. Nilitaka aseme shida. Akasema hapana, hatukuwa na shida.

"Kiwandani walinigeuza mhesabu skrubu," alisema. "Hawa walikuja wamevua kofia. Waliniita Fundi. Mmoja alitoka Milano na mvua yote ile, kwa ajili ya mkono huu."

"Na mimi? Kila Jumapili nakuletea picha, unanitazama usoni."

"Uliniuliza kama ni mkono wangu," akasema. "Nikakujibu. Sijakudanganya hata siku moja, mwanangu."

Nilimchukia. Nasema wazi, kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba mtoto humwelewa mzazi wake. Wahenga walisema mchawi mpe mwana alee. Mimi nilimpa wana wa watu miaka ishirini na miwili, akawatafuna mmoja mmoja huku mimi nikimmenyea machungwa. Kabla ya kutoka nilifungua sanduku lake juu ya kabati, nikaichomoa saba nikaitia mfukoni. Sikuwa na mpango wowote. Labda nilitaka tu naye akose kitu.

Kisha nikavuka kwenda kwa Evasio na kumwambia yote, nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kiti. Aliniuliza swali moja tu: kama nina hakika. Nikasema safari hii ninayo. Akafunga mlango taratibu, na upole ule uliniuma kuliko kama angeubamiza.

Mchana huo niliandika chini ya tangazo la yule mtu wa Bergamo, kwenye sehemu ya maoni. Niliweka picha ya kizingiti chetu kando ya picha ya namba yake, nikaandika jina kamili la baba, na langu, na orodha ya yale manane. Muuzaji aliniita kichaa mwenye wivu. Kulipokucha tangazo halikuwepo tena. Wenye yale manane walianza kupiga simu. Mmoja alinitukana, mmoja aliniomba nifute. Hakuna aliyenishukuru, na sikustahili.

Jumamosi Evasio alikuja. Alikuwa amevaa koti la kanisani na ameshika mkate aliouoka mwenyewe. Alipofika kizingitini alisimama akaitazama ile saba ya pili, akaikwepa kwa mguu, akanipita bila salamu, akaingia jikoni kwa baba. Alivua kofia.

"Fundi Secondo," alisema, "lile la kweli liliungua lote?"

"Lote. Lilibaki bati."

"Basi nimepata Fulvia nyingine, huko Asti. Ya kawaida, ila nyekundu. Jumatatu naileta. Nataka uigongee namba ya Nazario."

Nilimwambia amerukwa na akili, kwamba itakuwa uongo ule ule, na safari hii atakuwa ameununua macho makavu.

"Simuuzii mtu," alisema, na sasa ndipo aliponitazama. "Nitaiendesha miaka mitatu minne, nife. Jumanne ulinipa kaka yangu, Jumatano ukaninyang'anya. Sasa nyamaza, dada, wanaume tunaongea."

Baba alikuwa amekaa wima kwenye kiti, amepata rangi usoni. Aliniambia nimletee sanduku. Nililileta, kwa sababu miaka hamsini na saba nimekuwa nikimletea vitu. Mikono yake, ambayo siku hizi humwaga supu, ilitulia ilipogusa mbao zile. Alifungua kifuniko akapitisha kidole kwenye safu bila kutazama, moja, mbili, tatu, mpaka sita. Kidole kikatumbukia kwenye tundu tupu.

"Tensia," alisema, "saba iko wapi?"

Ilikuwa mfukoni mwangu, imepata joto la paja.

"Sijui, baba," nikasema.

Baba aliinamisha macho, maana alinijua. Evasio ndiye aliyenigeukia, akanikagua usoni kwa muda, akaniamini, kama alivyoniamini ile Jumanne.