Mkazo Kwenye "Ro"

Siku ya kwanza kazini, karani mpya wa mapokezi hospitalini alikabidhiwa kipaza sauti na orodha ya vitengo, vyote kwa Kiingereza kirefu cha kisayansi. Alianza vizuri. Alipofika gastroenteroloji, kitengo cha tumbo, ulimi ukamgomea. Akasema "gastro", akameza mate, akarudi mwanzo, akakwama palepale. Benchi zima likacheka, hata waliokuja na maumivu ya tumbo.

Jioni alimsimulia mjomba wake, mstaafu aliyepanga herufi za vitabu kiwandani kwa miaka thelathini. Mjomba hakuwa na Kiingereza cha kuombea maji, ila kukata maneno alikujua: kazi ilimtaka ajue neno refu livunjwe wapi mstari unapoisha. Akachukua kalamu, akachora vistari: gas-tro-en-te-ro-lo-ji. Silabi saba. Akamwambia azichukue mojamoja, haraka haina baraka. Mpwa akazitamka akiosha vyombo, akazitamka akikunja nguo, mpaka zikateleza zenyewe.

Kesho yake alimwita daktari wa kitengo hicho kwa pumzi moja, bila kujikwaa. Hakuna aliyecheka. Daktari naye hakutokea. Akaita tena, kimya. Akamfuata, akamkuta anakunywa chai ametulia. Daktari, mgeni aliyetoka mbali, alisema alisikia mtu akiitwa, akadhani ni jina la mgonjwa.

Akamtaka alitamke tena. Akasikiliza, akatabasamu.

"Umelikata vizuri," akasema. "Umekanyaga pabaya tu. Mkazo uweke kwenye 'ro', siyo 'lo'."

Hapo karani akaelewa. Ulimi wake ulizoea kuegemea silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwenye ka-LA-mu. Haya maneno yalitaka arudi hatua moja nyuma. Akajaribu la moyo: kar-di-O-lo-ji. La ngozi: der-ma-TO-lo-ji. Yote yakatii.

Jioni akampelekea mjomba habari hizo. Mzee akaitazama tena karatasi yenye vile vistari.

"Miaka yote hiyo nimeyakata," akasema, "sikuwahi kuyasikia."

Akaomba asomewe lile la ngozi, polepole, huku mpwa akigonga meza penye mkazo. Mzee akajaribu mwenyewe, akakosea, akarudia, akalipata. Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaenda kabatini kuleta karatasi zote zilizokuja na dawa zake za presha, wakaketi kusaka maneno marefu zaidi.