Maji ya Mifupa

"Onja," alisema Mama Agnela, na ndoo aliyoitua kichwani ikagota kwenye jiwe la mlangoni. "Onja kwanza. Salamu baadaye."

Ndeshi alifuta mikono kwenye kanga, akachota maji kwa kikombe cha bati, akaonja. Yalikuwa na ladha ya supu. Si ladha ya kubahatisha, la. Ilikuwa supu ya goti iliyolala usiku kucha jikoni.

"Leo siku gani, Mama Joel?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ya nini?"

Ndeshi alikishusha kikombe. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, na Mama Agnela alikuwa Mkatoliki wa Rombo, mwenye duka pale njia panda. Siku kama hiyo hata kuku akipita mbele ya duka lake hamtazami mara mbili.

"Nimefunga nyama tangu Jumatano ya Majivu," alisema Mama Agnela, sauti ikipanda kilima. "Leo asubuhi nimepika chai kwa maji yenu ya mradi. Nikanywa kikombe kizima, nikajisemea, mbona leo chai imenoga hivi? Kumbe nakunywa ng'ombe! Na afadhali ng'ombe. Huko dukani wameshaanza kusema ni punda."

"Si punda, jirani. Mifupa inatoka kwa wauza nyama wa Kaloleni mjini, naipokea mwenyewe."

"Ulimwona huyo mnyama akiwa na kichwa?"

Mama Agnela akaiacha ndoo pale pale, akashuka njia ya migomba bila kugeuka, na mgongo wake tu ulitosha kuonyesha kwamba mpaka jioni kijiji chote kitakuwa kimejua.

Mradi ulikuwa umefika mwaka uliopita, kwenye gari jeupe lililokuja kila asubuhi kutoka Sekei mjini. Ndani yake walikuwamo watu watatu wasiofanana hata kidogo. Daktari Reginald alikuwa wa meno, mnene, mpole, mwenye mazoea ya kumtazama mtu mdomoni kabla ya machoni. Tekla alikuwa mtu wa maswali. Angekaa na wewe kwenye kigoda ukichambua maharage, akichambua naye, akiuliza nani huteka maji, nani huamua, na mtoto akiumwa mnakwenda wapi tangu hospitali zianze kuchangisha. Hans alikuwa mhandisi wa maji, kijana mrefu asiyejua kukaa. Mwanzoni watu walicheka: daktari wa meno na fundi wa maji wanatafuta nini pamoja? Lakini ndivyo walivyosema wao, kwamba afya ya mtu haikai chumba kimoja.

Walichokitafuta kilikuwa kwenye midomo ya watu. Huku chini ya Mlima Meru meno hutoka ya kahawia, na wengine miguu hupinda. Wazee walisema ni ya kuzaliwa, ndiyo alama yetu. Daktari Reginald alisema hapana, ni maji. Yanatoka kwenye mawe ya mlima yakiwa yamebeba kitu kisichoonekana wala kusikika ulimini. Na dawa yake ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwenye tanuru, ikasagwa, ikaoshwa, ikajazwa kwenye ndoo yenye bomba. Maji yakipita humo, mfupa hukamata kile kitu.

Tanuru lilijengwa uani kwa Ndeshi, kwa kuwa alikuwa mjane mwenye uwanja na mwenye jina zuri kanisani. Mradi ukamwajiri kuosha mifupa na kulinda moto. Kazi ilinuka, hilo hakuna wa kulificha. Jumapili alijisugua kwa limau kabla ya kuvaa gauni la ibada.

Wiki ile masika ilikuwa imeanza vibaya. Mkaa ulilowa, moto ukasinzia. Mfupa ulioiva hutoka mweusi, mwepesi, unalia kama kigae ukiugonga. Ule ulitoka wa kahawia, mafuta bado yamo. Lakini Hans alikuwa amemwahidi Mama Agnela ndoo yake wiki ile ile, na Hans akiahidi hulala vibaya mpaka atimize. "Unatosha, mama," alisema. Ndeshi naye alikuwa amechoka, moshi umemjaa machoni. Akasema, "Haya, baba." Wakausaga. Kalenda ya Kanisa hakuna aliyeikumbuka, wala mwenye digrii wala mwenye darasa la saba.

Basi ndoo zikaanza kurudi. Hakuna aliyekuja kugombana. Ndeshi aliamka akakuta ndoo imewekwa nje ya ua, kesho yake nyingine, zimefunikwa vizuri, zimeoshwa, kama watu wanaorudisha vyombo baada ya msiba. Mtoni mazungumzo yalikatika akifika.

Hans alikuja akasimama mbele ya zile ndoo, kofia mkononi.

"Ni mimi, mama. Nimewaharibia."

"Tulikuwa wawili kwenye moto, baba. Kaa, unywe uji."

"Uji wa maji gani?"

"Ya kwako. Kwani mimi nimerudisha?"

Hans akacheka kidogo, akanywa. Lakini Daktari Reginald hakucheka. Alikuwa ametoka kwenye kikao mjini, akaongea taratibu kama mtu anayeng'oa jino.

"Wakubwa wamesema hivi, Mama Joel. Watu wakiendelea kuzikataa ndoo, mwisho wa mwezi tanuru tunalihamishia kijiji cha ng'ambo ya mto. Kule wanaomba."

"Na ndoo yangu mimi?"

"Utabaki nayo. Lakini unajua, mfupa nao huchoka. Miezi michache, halafu unakuwa mchanga tu. Bila tanuru la kuuchoma mwingine..."

Ndeshi alimtazama mjukuu wake, Blessing, aliyekuwa akitambaa kumfuata kuku. Alikuwa na meno manne, meupe kama punje za mahindi mabichi. Meno hayo yalipochomoza Daktari alimpakata, akampapasa ufizi kwa kidole kisafi, akasema maneno ambayo Ndeshi hakuyasahau. "Haya unayoyaona si kitu, mama, yatang'oka. Ya ukubwani yanajengwa sasa hivi, humu ndani ya ufizi. Kila kikombe anachokunywa ni tofali."

Na Ndeshi alijua jengo lile likiharibika linakuwaje. Alikuwa na mwanawe, Joel. Joel wake aliimba besi kwaya ya usharika, sauti ya kutikisa vioo, lakini aliimba midomo imebana, na akicheka mkono ulikwenda mdomoni wenyewe. Baba yake, marehemu Sumari, alikufa hajaona meno ya mwanawe tangu ujana. Siku hizi za biashara huria, watalii wanamiminika na mahoteli yanaota mjini kama uyoga, Joel alikwenda kuomba kazi ya kuhudumia mezani. Meneja alimsikiliza vizuri mpaka alipotabasamu. Akamwambia ipo nafasi nyuma, ya kufua mashuka. Joel akaichukua. Hakulalamika, na ndiko kulikomuuma mama yake.

Pasaka ikapita. Alhamisi iliyofuata zamu ya ibada ya nyumba kwa nyumba ilikuwa kwa Ndeshi. Wanawake wa mtaa wangekuja, wangeimba, wangesoma neno, kisha wangekunywa chai. Kwenye chai ndipo penyewe. Mtu asipokunywa chai kwako, hajakutembelea.

Tanuru lilikuwa limewashwa upya, mkaa mkavu kutoka Elerai, na safari hii Hans na Ndeshi waliulinda moto mpaka kila mfupa ukatoka mweusi, unalia. Maji yakachuja matamu, hayana harufu. Watu wa mradi wakaja mapema. Hans akamfuata Ndeshi jikoni.

"Mama, nina wazo. Pika chai yote kwa maji ya ndoo. Usiseme kitu. Wakishakunywa na kusifia, ndipo uwaambie. Watajionea wenyewe."

Ndeshi aliendelea kutwanga tangawizi. Wazo halikuwa baya. Shetani akija huja na wazo zuri. Alimwona Blessing mlangoni akitafuna kona ya kanga yake.

"Hapana, baba."

"Kwa nini? Ni maji safi kuliko ya mto!"

"Siwezi kumnywesha mtu kitu asichokijua, halafu nimwambie tufumbe macho tuombe."

Tekla, aliyekuwa akipanga vikombe, aliinua kichwa. "Mwache, Hans. Huu ni mlango wa mama, si wetu."

Ndeshi akapika chai kwenye masufuria mawili. Ya maji ya mto akaimimina kwenye chupa nyekundu. Ya maji ya mifupa akaimimina kwenye chupa ya bluu. Chai kidogo ikamwagika, akaifuta kwa kanga.

Wanawake walikuja. Waliimba, walisoma, wakafika ameni ya mwisho. Ndeshi akasimama mbele ya meza.

"Ndugu zangu, Bwana asifiwe."

"Ameni."

"Hii nyekundu ni chai ya maji ya mto. Hii ya bluu ni ya maji ya mifupa. Mifupa ya kwanza iliharibika kwa sababu ya mvua na haraka zetu, mtusamehe. Hii tumeichoma mpaka mwisho. Kila mtu achague. Atakayechagua nyekundu bado ni ndugu yangu."

Akakaa.

Bibi Elieshi alikuwa wa kwanza kunyoosha kikombe. Alikuwa shangazi wa marehemu Sumari, mkavu kama kuni ya mwaka jana, na neno lake mtaani lilikuwa nusu ya sheria. "Nyekundu," alisema. "Usinichukie, mke wetu. Sina shida na mfupa. Nyama tunagawana hapa, kidari cha nani na shingo ya nani tunajua, kwa kuwa mnyama tunamjua. Mifupa yenu ya mjini haina kwao. Ng'ombe wa nani? Alikufa na nini? Nani alimchinja?"

Daktari Reginald akafungua mdomo. Tekla akamkanyaga mguu.

Vikombe vikaifuata nyekundu, kimoja, na kingine. Ndeshi alimimina kila kimoja vizuri, bila kumwaga, na kila mmoja alimwambia karibu. Ya bluu ilisimama mezani haijafunguliwa.

Ndipo mlango ukaingia kiza, maana Mama Agnela alikuwa mpana. Si Mlutheri, wala hakualikwa, lakini kilemba chake kilikuwa cha sikukuu.

"Nimesikia mnachagua chai kama uchaguzi wa vyama vingi," alisema. "Ya supu ni ipi?"

"Hii ya bluu, jirani," alisema Ndeshi polepole. "Lakini safari hii haina supu."

"Hata ikiwa nayo! Kwaresima imekwisha, Bwana amefufuka. Mimina."

Akanywa wima, macho ya chumba kizima yakiwa kooni pake. Akashusha kikombe. Akaramba mdomo.

"Masikini," alisema. "Ile ya kwanza ilinoga zaidi."

Kicheko kilianzia kwa Tekla, kikapita kwa wanawake kama upepo kwenye migomba. Hans alicheka mpaka akatoka nje kufuta macho. Wawili watatu, wakingali wanacheka, wakamaliza nyekundu yao na kusogeza vikombe kwenye bluu, eti kuona tu. Wengine hawakusogeza. Bibi Elieshi alicheka naye, lakini kikombe chake alikifunika kwa kiganja.

Walipokwisha kwenda, Ndeshi aliitikisa chupa ya bluu sikioni. Ilikuwa bado na chai nyingi. Akaitikisa tena, kana kwamba chai ingeweza kubadili neno lake.

"Waliokunywa hawatoshi, eeh?" aliuliza Daktari Reginald.

"Sijui, daktari. Mimi nimetega sikio tu."

Jumatatu asubuhi ukungu ulikuwa bado haujaachia mlima. Ndeshi alikuwa akiosha mifupa aliposikia mtu akikohoa nje ya ua. Bibi Elieshi alisimama pale na gunia kichwani, peke yake, umri ule, njia ile ya utelezi.

"Shikamoo shangazi! Ungemtuma mtu!"

"Marahaba. Ningemtuma nani, anipotezee mmoja?" Akaliachia gunia, likalia kwa mlio mkavu. Ndani yake ilikuwa mifupa, imechemshwa ikawa myeupe, imesuguliwa kwa majivu. "Huyu ni Mageuzi."

Ndeshi alimkumbuka. Dume jekundu lililozaliwa mwaka ule wa kelele za vyama, likapewa jina hilo kwa sababu halikutulia. Lilikuwa limechinjwa Pasaka, kwa kipaimara cha wajukuu.

"Nimemlea tangu ndama," alisema Bibi Elieshi. "Hajaugua hata siku moja. Kama ni kunywa mfupa, basi tunywe wa mnyama tunayemjua. Na nyumba nyingine zilizochinja nimezipitia, nimewaambia wasiwape mbwa. Mimi nitakaa hapa mpaka huyu aive. Nione kwa macho yangu. Ndoo yangu mtaniwekea alama."

"Tutaweka, shangazi."

"Haya, nipe kigoda."

Gari jeupe lilipofika, Hans aliruka kabla halijasimama, akasimama mbele ya lile gunia. Kisha akapiga magoti kwenye matope na kuanza kupanga mfupa mmoja mmoja kwenye tanuru, taratibu, kijana yule asiyejua taratibu. Bibi Elieshi alimwelekeza kwa fimbo. "Huo wa paja weka chini. Chini, baba! Una haraka ya nini?"

Joel alikuwa akitoka kwenda zamu ya mashuka. Alisimama akimpakata Blessing kuutazama moto. Mtoto alipiga mwayo mkubwa, na bibi yake, mikono imelowa, akasogea akachungulia. Yalikuwamo yale meno manne, na nyuma yake ufizi tu, mwekundu, umefunga. Hapakuwa na kitu cha kuona. Ndeshi aliendelea kutazama pale pale, huku moshi ukipanda juu ya paa, wima, kuelekea mlimani.