Kichupa cha Mwalimu Adventina

Siku ya ukaguzi umeme haukukatika hata kidogo. Mwalimu Adventina alikuwa ameogopa utakatika wiki nzima, kumbe adui hakuwa huko.

Wakaguzi walikuja na neno moja: shule hii ya Buhare ikishindwa kuonyesha hata jaribio dogo la DNA, kidato cha tano cha sayansi kinafungwa, wanafunzi wanahamishiwa Bunda. Naye Adventina jaribio la kujivunia alikuwa nalo moja tu. Ndani ya friji ya maabara, kwenye kichupa kidogo, alitunza DNA ya bakteria, ile ya mviringo, aliyopewa Mwanza alikosomea.

Alianza na kamba ya kufungia ng'ombe. Mbuke, mwanafunzi wake wa kidato hicho, aliisokota mpaka ikajikunja yenyewe, ikawa donge gumu.

"DNA hii nayo imesokotwa hivyo," Adventina akasema. "Ndiyo maana umeme ukiivuta ndani ya jeli hii laini, inapita upesi." Akakata uzi mmoja tu, kamba yote ikalegea. "Na ikikatika uzi mmoja, inalegea hivi, inabaki nyuma."

Wakaguzi waliitikia kwa kichwa, naye akapata moyo. Umeme ukapita kwenye jeli, rangi ikashika. Mstari wa DNA iliyosokotwa ulitakiwa kuwa mbele, lakini mbele hapakuwa na kitu. DNA yote ilikuwa nyuma, imelegea.

"Hii yote imekatika," mkaguzi alisema. "Mliitunza kweli?"

"Sana," Mbuke akajibu, akimtetea mwalimu wake. "Madam alikuwaga anaitoa kila wakija wageni. Wazazi wameishika, hata padri ameishika. Ikiyeyuka, alikuwaga anairudisha kwenye barafu."

Adventina akakigeukia kile kichupa. Kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka, ndiko kulikoikata. Alifundishwa hilo chuoni, akalisahau kwa raha ya kuonyesha. Angempata wa kumlaumu, angalau angelia kwa hasira. Hakumpata.

Barua ya kukifunga kidato haikuchelewa, na wanafunzi wakafungasha. Kitasa cha sanduku la Mbuke kilikuwa kibovu, akaomba kamba ile ya darasani. Adventina alilifunga mwenyewe.

"Hapa si ndipo ulipokata, Madam? Haitaachia?"

"Itakufikisha Bunda," alisema, na hata hilo hakuwa na uhakika nalo.