Kipimo cha Pili cha Dawa

Ndunge alikuwa akimpita Nzioka, mchanganyaji wa chakula cha kuku, alipomwona kwa pembe ya jicho akipima dawa ya kuhara damu, akaimwaga kwenye mashine, kisha akapima tena. Alipiga hatua nne zaidi ndipo akageuka.

"Nzioka, umeweka mara ngapi?"

"Mbili, madam. Kompyuta imesema gramu mia tano, nimeweka kilo moja. Nazidisha mara mbili, kama kawaida."

 Programu ya zamani ya kiwanda hiki cha Thika ilikuwa ya Ndunge. Aliiandika mwaka wa tisini na sita kwa FoxPro, lugha ambayo vijana wa kompyuta siku hizi wanaisikia tu. Hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuigusa na, tuseme ukweli, Ndunge alilipenda sana jambo hilo. Mwaka wa 2004 kiwanda kilinunua mashine ya kuchanganya iliyokuwa kubwa maradufu. Ndunge akarekebisha kwenye programu vipimo vya mahindi, soya na chokaa, akaisahau dawa, ikabaki nusu ya inayotakiwa. Alipogundua, alimwambia Nzioka awe akiizidisha mara mbili kwa mkono, yeye angeirekebisha programu wiki iliyofuata. Wiki hiyo haikufika kamwe.

Kisha mwaka huu akaletwa Chege, kijana wa kompyuta, kuhamisha kila kitu kwenye mfumo mpya. Miezi miwili alikaa na Ndunge, akimwuliza kila swali linaloulizika, na Ndunge alimweleza yote isipokuwa kosa hilo la dawa. Aliona aibu. Tena Chege alichukua vipimo kutoka kwenye karatasi za mtaalamu wa lishe, vikaingia sawasawa, hata cha dawa, na Ndunge akajidanganya kwamba kosa lake limezikwa pamoja na programu. Hakumfikiria Nzioka, aliyekuwa akitii maneno yake kwa zaidi ya miaka ishirini.

"Simamisha mashine," alisema. "Hiki cha vifaranga kimetoka mizigo mingapi tangu tuhamie mfumo mpya?"

"Mzigo mmoja tu, jana. Ulienda Mugutha, kwa Wamboi."

Wamboi alikuwa na vifaranga elfu moja wa wiki mbili. Ndunge alimpigia simu mara sita. Haikushikwa. Dawa hiyo haina mzaha: ikizidi, kifaranga huishiwa nguvu miguuni, kisha hufa. Alimwambia Chege dawa imezidi, akaingia kwenye gari la kijana huyo, wakashika barabara ya Ruiru.

Chege ndiye aliyeendesha.

"Ni mimi, auntie. Kuna mahali nimeharibu. Lakini hiyo figure niliicheck, nikaicheck tena. Boss atanifuta kazi, na bado niko probation, sijaajiriwa rasmi."

 Walipita Juja. Ndunge alijiambia atasema wakifika, vifaranga wakiwa wazima, maana hapo lingekuwa jambo dogo la kuchekwa tu. Alijichukia kwa kuwaza hivyo.

Walimkuta Wamboi mlangoni mwa banda, kanga imefungwa kiunoni, jasho usoni.

"Afadhali mmekuja," alisema. "Simu iko kwa nyumba, sijatoka hapa tangu saa kumi na mbili. Wanalala tu. Nikadhani ni njaa, nikawaongezea chakula."

Chini ya taa za joto vifaranga walikuwa wamelala kwa ubavu juu ya maranda, miguu imenyooka nyuma. Baadhi walipiga mabawa wakijaribu kuinuka.

"Toa chakula chote," Ndunge alisema. "Chote, Wamboi. Wape maji safi."

Waliinua vyombo vya chakula, wakavitoa nje. Mikono ilipobaki mitupu, Chege alijifuta uso, akamgeukia Wamboi.

"Mum, naomba msamaha. Ni system yangu mpya..."

"Kosa siyo lake," Ndunge alimkatiza. "System yake iko sawa. Nzioka, mchanganyaji wetu, anazidisha dawa mara mbili kwa sababu mimi nilimwambia azidishe. Programu yangu ilikuwa na kosa, na nimelijua tangu 2004."

Wamboi alimgeukia.

"Kulirekebisha kungekuchukua muda gani?"

Ndunge alitamani kuwa na jibu lingine.

"Dakika tano."

 Wamboi alipiga magoti, akaanza kuwainua vifaranga mmoja mmoja na kuwasimamisha, akiangalia nani ataanguka.